Mjamzito kusahau sahau: ni mimba yenyewe, au ni chakula tunachokula huku Dodoma?

#1 Binti_wa_Hombolo
Mbukwenyi wana jukwaa. Nina mimba ya miezi saba, ya kwanza. Nafanya kazi ya hesabu kwenye ghala la alizeti hapa mjini, na kabla ya mimba hii namba za siku nzima nilikuwa nazo kichwani. Sasa hivi nasoma hati ya mzigo, nainua macho kumwangalia dereva, namba imeshapotea. Naingia jikoni, nasimama, sijui nimefuata nini.

Mama mkwe ana jibu lake: sili samaki wala mayai, kwa hiyo mtoto anajenga ubongo wake kwa kuchota kwenye wangu. Dada yangu anasema mimba zote ziko hivyo, nitulie. Ninachokula ni hiki: asubuhi chai ya rangi na chapati, mchana ugali wa sembe na mlenda, usiku wali maharage. Nyama nikiinusa tu natapika.

Kliniki kila mtu anaongelea mtoto. Uzito wa mtoto, mapigo ya mtoto, ubongo wa mtoto. Mimi nauliza wa mama. Anachokula mjamzito kinaweza kuuharibu au kuulinda ubongo wake mwenyewe? Naomba wenye ujuzi, na mliopitia.

#2 Dereva_wa_Lori
Nakaa hapa nasoma. Wangu ana miezi minne na juzi kaweka simu kwenye friji.

#3 Mzee_Kibaigwa
Mama zetu walikula ugali wa uwele, mlenda na maziwa ya mgando, wakazaa wanane, tisa, na hawakusahau hata mbuzi mmoja zizini. Shida ni sembe nyeupe na chipsi. Binti, rudi kwenye uwele utaona.

#4 MamaPacha_Nkuhungu
Shikamoo Mzee. Walisahau, ila hakuna aliyewauliza. Bibi yangu mzaa mama aliacha chungu motoni mpaka kikapasuka akiwa na mimba ya mjomba, na habari hiyo inasimuliwa kila Krismasi kijijini. Na hao wanane, tisa, Mzee wangu, walikua wangapi?

#5 Mkunga_Mstaafu
Binti, kabla ya samaki na kabla ya uwele: damu yako ni ngapi? Angalia kadi ya kliniki. Miezi mitatu ya mwanzo na mitatu ya mwisho, chini ya 11 ni upungufu. Katikati hapo ni chini ya 10.5. Nimekaa wodi ya wazazi miaka mingi, na wanawake waliokuja wakisema "kichwa kizito, nasahau, sina nguvu", wengi ukiwapima unakuta damu imeshuka.

Mjamzito huongeza damu karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, na mimba nzima inataka kama gramu moja ya madini chuma. Ubongo nao unakihitaji chuma hicho, na si kwa ajili ya kufikishiwa hewa tu. Hata zile kemikali zinazotufanya tuwe makini na wachangamfu hutengenezwa kwa msaada wake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta zaidi ya nusu ya wajawazito wa nchi hii wana upungufu wa damu. Maana yake kuna maelfu ya akina mama wanaambiwa "ni mimba tu, itapita" wakati hawajapimwa tena tangu hudhurio la kwanza. Hili linaniuma mpaka leo.

Halafu hiyo chai ya rangi. Vile vidonge vyekundu unamezea nini?

#6 Binti_wa_Hombolo
Shikamoo mama. Namezea hiyo hiyo chai, maji matupu yananichefua. Kadi inasema 10.8, ilipimwa mimba ikiwa ya miezi minne.

#7 Mkunga_Mstaafu
Marahaba mwanangu. 10.8 kwa mwezi wa nne ilikuwa sawa. Huu ni wa saba, kwa hiyo hiyo ni habari ya zamani, kapime upya. Vidonge mezea maji yenye ubuyu au ndimu, vitamini C inasaidia chuma kuingia mwilini. Chai inakizuia. Iache mpaka saa moja au mbili zipite baada ya kidonge na baada ya chakula.

#8 Msomaji_Chimwaga
Tusimtie dada hofu ya chakula bure. Kuna utafiti walipiga picha ubongo wa wajawazito wakakuta unapungua na haurudi. Ale uwele, ale keki, utapungua tu.

#9 Zuhura_Maabara
Namba 8, hapo umeishia kwenye kichwa cha habari. Huo ni wa Elseline Hoekzema na wenzake, ulifanyika Barcelona ukatoka Desemba 2016. Walikuwa akina mama 25 wa mimba ya kwanza, walipigwa picha kabla ya kushika mimba na baada ya kujifungua. Sehemu ya kijivu ya ubongo ilipungua kweli, hasa maeneo tunayotumia kuelewa hisia na nia ya mtu mwingine, na miaka miwili baadaye mabadiliko mengi yalikuwa bado yapo. Lakini walipewa majaribio ya kumbukumbu, na kumbukumbu haikushuka. Tena ambao ubongo wao ulibadilika zaidi ndio walioonyesha ukaribu zaidi na watoto wao. Watafiti wakaona huo ni ubongo kujipanga kwa ajili ya kulea.

Mwaka 2024 kundi jingine la California likachapisha picha 26 za mwanamke mmoja, kuanzia kabla hajashika mimba hadi mtoto ana miaka miwili. Nalo likaona sehemu ya kijivu inapungua. Ila tafiti hizi zilifuatilia mimba, hazikupima sahani. Kwa hiyo huwezi kuzitumia kusema chakula hakina kazi.

#10 Msomaji_Chimwaga
Nimekupata. Basi nijibu hili: kama kwenye majaribio kumbukumbu haishuki, kwa nini kila mjamzito analalamika kusahau?

#11 MamaPacha_Nkuhungu
Usingizi! Amka kukojoa mara nne usiku, kiuno kinauma, mtoto anacheza mpira tumboni saa nane, halafu asubuhi kazini uulizwe namba ya lori. Kwenye majaribio yao wanakukalisha chumba kimya na kalamu. Aje anipime saa tisa alasiri nimesimama Sabasaba nasubiri daladala.

#12 Mpenda_Kambare
Mama mkwe asidharauliwe. Mafuta ya samaki, ile omega-3, ni sehemu ya ubongo wenyewe, na mtoto huyavuta sana miezi mitatu ya mwisho. Mama asipokula samaki, yanatoka wapi?

#13 Zuhura_Maabara
Yanatoka kwenye damu na akiba ya mwili wa mama, hilo halina ubishi. Ubongo wa mama kupungukiwa mafuta hayo kumeonekana kwa panya walionyimwa kabisa. Kwa binadamu tunapima damu, na damu si ubongo. Kuna jaribio kubwa la Australia la 2010, wanawake zaidi ya 2,000, nusu walipewa vidonge vya mafuta ya samaki wakiwa wajawazito. Sonona baada ya kujifungua haikupungua. Samaki ale, ni chakula kizuri. Kusema mtoto kamla mama ubongo, hapana.

#14 Mpenda_Kambare
Walipewa vidonge. Mimi naongelea perege wa Mtera, mzima, na kichwa chake. Panya wako nao ni mama wa watu.

#15 Niliyepona_Mpwapwa
Mnabishana samaki, mimi nataka niseme jambo ambalo wengi hawalijui.

Mimba yangu ya pili ilinikataa kabisa. Nilitapika wiki baada ya wiki, hata mate yangu nilikuwa siwezi kuyameza. Wakaniambia ni kawaida, niende nyumbani nilambe tangawizi. Baadaye nikaanza kuona watu wawili wawili. Nikisimama nayumba, nashika ukuta. Namuuliza mume wangu swali, ananijibu, baada ya dakika namuuliza lile lile. Nyumbani wakasema nimerogwa, shangazi akaitisha mtu kutoka Kongwa. Mume ndiye aliyekataa, akanibeba hospitali.

Hapo nikawekewa dripu ya sukari, na nikazidi kuharibika. Siku iliyofuata akaingia daktari mwingine, akanimulika macho, akaniambia nifuate kidole chake kwa macho, nikashindwa. Akaagiza sindano za vitamini B1. Macho ndiyo yaliyotangulia kurudi. Kutembea kulichukua muda. Kumbukumbu za kipindi kile sina mpaka leo, nasimuliwa tu. Mtoto yupo, yuko darasa la tatu.

Kwa hiyo dada, chakula na ubongo wa mama? Mimi ndiye ushahidi.

#16 Dereva_wa_Lori
Pole sana dada. Hii ya B1 ndiyo nini hasa? Wangu naye anatapika.

#17 Mfamasia_Manyoni
Namba 15 pole, na ahsante kwa kuandika. Ulichopata kinaitwa ugonjwa wa Wernicke. Wengi wanaujua kwa walevi wa kupindukia, ila mjamzito anayetapika mfululizo anaupata vile vile.

Ubongo unaendeshwa na sukari, na ili sukari iungue iwe nguvu lazima iwepo vitamini B1, yaani thiamini. Akiba yake mwilini ni ya wiki chache tu. Mtu akitapika wiki tatu bila kubakiza kitu tumboni, akiba inaisha. Ukimwekea sukari kabla ya B1, ile kidogo iliyobaki inaunguzwa yote mara moja, na ubongo ndio unaoumia. Ndiyo maana B1 hutangulia, sukari inafuata.

Dereva, sikiliza. Kutapika asubuhi kidogo na mchana akala, hiyo ni kawaida. Akishindwa kubakiza hata maji, mkojo ukawa mweusi na haba, akakonda, mpeleke. Akianza kuona viwili, kuyumba au kuchanganyikiwa, usingoje kukuche, na mwambie daktari ametapika kwa muda gani. Taja thiamini bila kuona haya.

Kwa anayekula vizuri, B1 ipo kwenye nafaka isiyokobolewa, karanga, kunde, maharage na choroko. Sembe iliyokobolewa na mchele mweupe zimepoteza sehemu kubwa.

#18 Mzee_Kibaigwa
Nilisema namba 3! Uwele na dona. Mkaniuliza wangapi walikua.

#19 Afisa_Kilimo_Chamwino
Mzee wangu, kwenye dona twende taratibu. Mwaka 2016 hapa Dodoma na Manyara watu wapatao 20 walikufa kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi. Sumu hiyo ipo zaidi kwenye ganda na kiini, kwa hiyo ukikoboa unatoa nyingi, na hapo hapo unatoa na B1 anayoisema mfamasia. Mahindi yaliyovunda ukiyasaga dona unamlisha mjamzito sumu yote. Sumukuvu hushambulia ini.

#20 Mzee_Kibaigwa
Mahindi yangu hayavundi. Nayaanika juu ya turubai, sipigi chini kwenye udongo, na hayaingii ghalani mpaka yakauke kabisa. Yale ya kuvunwa mabichi na kurundikwa ndiyo yanayoua, na wanunuzi wa kuharakisha ndio wanaoyataka. Uwele hauna shida hiyo.

#21 Afisa_Kilimo_Chamwino
Uwele unapata kidogo kuliko mahindi, lakini usiseme hauna. Kwa kuanika umesema kweli, naongeza mifuko isiyopitisha hewa. Na karanga: iliyosinyaa, yenye rangi ya ajabu au chungu mdomoni, itupwe, isifichwe kwenye mchuzi.

#22 Siti_Majengo
Naombeni kuuliza bila kusemwa. Mimi nakula pemba, ule udongo wa kukaushwa wanaouza sokoni kwa vipande. Bila huo siku haiendi. Unaharibu kichwa?

#23 Mkunga_Mstaafu
Hakuna atakayekusema, nusu ya wodi yangu walikuwa nao kwenye mkoba. Hamu ya udongo mara nyingi huambatana na upungufu wa chuma. Wanasayansi wanabishana kama upungufu ndio unaoleta hamu, au udongo ndio unaoleta upungufu kwa kukamata chuma tumboni. Kwako wewe matokeo ni yale yale, kapime damu. Na huo udongo haujulikani umechimbwa wapi. Utafiti uliotoka 2014 wa wajawazito wa Geita, kule kwenye machimbo ya dhahabu, ulikuta udongo wanaokula una arseniki. Sokoni hakuna anayeandika kwenye kipande kimetoka wapi.

#24 Kijana_wa_Singida
Pembeni kidogo: mnasahau chumvi. Kwetu kuna wazee bado wanataka chumvi ya kienyeji, wanasema ya paketi haina ladha. Ya kienyeji haijawekwa madini joto. Mjamzito anahitaji maikrogramu 250 kwa siku, na yakikosekana tezi ya shingoni inachoka: mtu anakuwa mzito, anasikia baridi, anasahau, anapata choo kigumu. Dalili zote hizo utaambiwa ni mimba.

#25 MamaPacha_Nkuhungu
Watu wa Singida leo hamjaja na kuku, mmekuja na chumvi. Umenena lakini.

#26 Mwalimu_Bahi
Nimesoma zote na naona tunajadili kana kwamba kila mtu anachagua. Nafundisha kijiji cha Bahi. Mvua huku ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Mjamzito anayefikia miezi saba mwezi wa pili, ghala limebaki vumbi, ndiye huyo huyo analima kutwa nzima, halafu maji anayafuata mbali. Anakula mlo mmoja. Ukimuuliza jina la mtoto wake wa kwanza anafikiri kwanza. Je, ni chuma, ni B1, ni njaa yenyewe, ni uchovu, au ni hofu ya mwezi ujao? Mimi naona ni vyote kwa pamoja, na sioni kidonge cha hilo.

#27 Mfamasia_Manyoni
Mwalimu, njaa na msongo vinaingia kichwani kweli, sibishi. Lakini tukisema "ni vyote" tunaweza kuacha hata kile kimoja kinachotibika kwa vidonge vya bure vya kliniki.

#28 Mwalimu_Bahi
Kliniki ikiwa na vidonge. Na mama akiwa na kitu tumboni cha kumezea, maana vinachoma.

#29 Nuru_Kondoa
Hakuna aliyegusa kifafa cha mimba, na hicho ndicho kinachopiga ubongo wa mama waziwazi. Presha inapanda, ubongo unavimba, mama anadondoka na degedege. Dada yangu alipona, lakini kwa miezi alikuwa anatafuta maneno. Chakula kinahusika kupitia kalisi: wanaokula kalisi kidogo hupewa vidonge vya kupunguza hatari. Uwele una kalisi nyingi, Mzee yuko sahihi.

#30 Zuhura_Maabara
Pole kwa dada. Kalisi sahihi, nafaka siyo. Ulezi ndio wenye kalisi nyingi, kama miligramu 340 kwa gramu 100. Uwele ni kidogo sana ukilinganisha. Maziwa, dagaa wa kula na mifupa, na ubuyu vinasaidia. Kuhusu vidonge, Shirika la Afya Duniani lilishauri gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, dozi ambayo wanawake wengi wanashindwa kuimaliza. Majaribio ya Dar es Salaam na Bangalore, wanawake 11,000 kila mji, yaliyotoka 2024, yalionyesha miligramu 500 inalinda karibu sawa na 1,500. Hiyo ni habari nzuri kwetu. Ila dalili za hatari zibaki kichwani: kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, maumivu chini ya mbavu, uso kuvimba. Hapo huli ulezi, unakwenda hospitali.

#31 Mzee_Kibaigwa
Ulezi nao ni wa wazee.

#32 Binti_wa_Hombolo
Nimepima. 9.6. Presha iko sawa. Wamenipima na malaria, hakuna, wakanipa dawa ya minyoo na kuniongezea vidonge. Nesi nilipomuuliza kama ndiyo sababu ya kusahau akasema inawezekana, hakusema ndiyo. Mama mkwe amesikia 9.6 akasema "samaki". Dada amesikia akasema "mimba".

#33 Zuhura_Maabara
Nesi amejibu vizuri. Kuna utafiti wa Cape Town uliochapishwa 2005: akina mama waliojifungua wakiwa na upungufu wa damu, wengine wakapewa chuma tangu wiki ya kumi, wengine wakakosa. Hadi mtoto anafika miezi tisa, waliopewa walifanya vizuri zaidi kwenye majaribio ya akili na hali yao ya moyo ilikuwa bora. Ulikuwa utafiti mdogo, na ni wa baada ya kujifungua. Kwa hiyo vidonge usiviache ukishazaa, endelea kama utakavyoelekezwa. Kama ulikuwa unasahau kwa sababu ya damu peke yake, hilo siwezi kukuapia.

#34 MamaPacha_Nkuhungu
Na ulale mchana, hata nusu saa. Mwambie bosi.

#35 Mpenda_Kambare
Na samaki. Kama nyama inakutapisha jaribu perege wa kukaanga aliyepoa, harufu inapungua. Mayai je, kwa nini huli? Yai moja lina kama miligramu 147 za kolini, na mjamzito anahitaji 450. Kolini nayo ni ya ubongo.

#36 Binti_wa_Hombolo
Nilikatazwa nikiwa mdogo, kwamba mjamzito akila mayai mtoto anazaliwa bila nywele. Sasa mama mkwe huyo huyo wa samaki anasema nile. Sijui nishike lipi la wazee.

#37 Mzee_Kibaigwa
La mayai lilikuwa la kuwaachia kuku waangue. Mke, mkwe na shangazi wakiyala yote, vifaranga vitatoka wapi? Kula mwanangu.

#38 MamaPacha_Nkuhungu
Mzee, na bibi yetu nyumbani aliyala?

#39 Mzee_Kibaigwa
Nimemuuliza sasa hivi. Anasema aliyachemshia jikoni nikiwa mnadani.

#40 Mfamasia_Manyoni
Yaive mpaka kiini kigande. Mjamzito asile yai la maji maji.